Watu wa HR na watu wa mishahara

Programu nyingi za mishahara nilizoitwa kurekebisha zilikuwa na hesabu safi. PAYE sawa, ushuru wa nyumba asilimia 1.5 sawa, SHIF asilimia 2.75 iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, sawa. Uozo uliingia kabla ya hesabu: faili ya Excel kutoka kwa HR, imetumwa kwa barua pepe tarehe 24, jina lake "mwisho_kabisa_2".

Ndani, mishahara mipya haisemi inaanza lini. Aliyeajiriwa tarehe 18 analipwa mwezi mzima. Aliyeacha kazi tarehe 3 bado yumo. Mwingine anakatwa mikopo mpaka abaki na chini ya theluthi moja, jambo ambalo Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza. Huyo ana kodi ya nyumba ya kulipa, jamani.

Wako wanaosema idara hizi ziunganishwe. Sikubali. Anayeongeza jina asiwe ndiye anayeidhinisha malipo. Hapo ndipo wafanyakazi hewa huzaliwa. Ziunganishwe data tu. HR waandike kila badiliko na tarehe ya kuanza kutumika. Wa mishahara wasome, wasiguse. Siku ya kufunga ikipita, nyongeza isubiri mwezi ujao, ilipwe kama malimbikizo. (Ndiyo, hata ya bosi.) PAYE inatakiwa KRA kufikia tarehe 9, nayo haingoji barua pepe ya mtu.

Wateja huniomba grafu za rangi. Mimi huanza na safu moja kwenye jedwali: "kuanzia".