Gari la Umeme Limeshuka Bei? Msinitumie Tena Hiyo Habari

Mwenzenu nilipotea, lakini si kwa ubaya. Nilikuwa na shifti nne za usiku mfululizo, na ukishapiga saa 12 kwa siku nne hata jina lako unalitafuta kwenye kitambulisho. Leo niko mapumziko hapa Cedar Hill, nje kuna mvua, ugali umeshaiva, kwa hiyo nijibu lile swali ambalo watu kama wanane mmeniuliza kwenye WhatsApp mwezi huu.

Mmenitumia ile video ya jamaa anayesema magari ya umeme Marekani sasa yanauzwa kama njugu, bei zimeporomoka, halafu chini mnaandika, "Dada, si utume moja?" Wengine mnatania, najua. Lakini mdogo wangu wa mwisho hatanii. Anataka fedha za lile shamba la Mkuyuni zinunue magari mawili ya umeme, yaje Morogoro yafanye teksi, kwa sababu eti "bei ikishuka ndiyo wakati wa kununua." Ameshamshawishi mjomba na shangazi. Imebaki sahihi yangu.

Mdogo wangu, bei ya gari ikishuka hivyo, kuna mtu aliyelipa ile ya jana. Mmoja wao ni dada yako, na sijawahi kuwaambia.

Turudi nyuma kidogo. Mnakumbuka mwaka 2022 mafuta yalivyopanda dunia nzima? Huku mwezi Juni wastani wa nchi ulipita dola 5 kwa galoni. Texas huwa nafuu kidogo, lakini kwa mtu anayetoka Cedar Hill kwenda kazini Dallas kwa barabara ya 67, kwenda na kurudi, ilikuwa inauma. (Kwa wasiopajua: Cedar Hill ni mji mdogo kusini magharibi mwa Dallas, una ziwa na minara mirefu ya televisheni yenye taa nyekundu. Wenyewe wanasema wana vilima. Mtu aliyekulia chini ya Uluguru anacheka kimoyomoyo.) Magari mapya yalikuwa haba, kampuni zikawa zinapandisha bei kila baada ya muda mfupi, na kila mtu wodini akawa anasema nunua sasa kabla haijapanda tena.

Novemba 2022 nikanunua gari jipya la umeme. Kampuni siitaji, haina kosa, mkataba nilisaini mwenyewe. Na malipo ya awali nilitoa, mkopo ukabaki dola 54,000 kwa miezi 72, rejesho dola 882 kila mwezi. Mtaniuliza, wewe mwenye shahada ya unesi, hesabu za dawa unazipiga bila kukosea, hii ilikupita vipi?

Ilinipita kwa sababu nilinunua kwa akili ya nyumbani. Kwetu gari ni akiba. Baba alinunua Corolla ya mtumba, akaitembelea miaka, akaiuza karibu bei ile ile, tena mnunuzi akashukuru. Leo hii mtu wa Dar ana IST yake, akikwama ada za watoto anaiweka sokoni na jioni ana fedha mkononi. Sisi gari tunalihesabu kama ng'ombe. Nikajisemea, hata nikishindwa, nitauza, nitamaliza deni, maisha yataendelea.

Tarehe 13 Januari 2023 Tesla wakashusha bei usiku mmoja. Model Y ya betri kubwa iliyokuwa dola 65,990 ikawa dola 52,990. Dola 13,000 zimeyeyuka watu wamelala! Sababu mojawapo ilikuwa kodi: serikali kuu ilikuwa imeanza kutoa punguzo la kodi la dola 7,500, lakini gari la aina ile lilitakiwa lisizidi dola 55,000. Kwa hiyo kampuni ikashuka chini ya mstari, na mnunuzi akapata vyote viwili. Kabla mwezi haujaisha Ford nao wakashusha Mustang Mach-E. Na mpya ikishuka, iliyotumika haiwezi kubaki juu. Nani atanunua la kwako la miezi miwili wakati jipya ni nafuu zaidi?

Machi nikalipeleka langu lithaminiwe, kwa udadisi tu (uongo, nilikuwa naogopa). Wakaniambia dola 41,000. Deni lilikuwa limebaki zaidi ya 51,000. Yaani ili niliuze ilibidi mimi ndiye niongeze dola 10,000 juu. Ng'ombe gani huyo?

Mama, lile paa la Kihonda halikucheleweshwa na "mambo ya kodi" kama nilivyokwambia. Lilicheleweshwa na gari. Ulikaa masika mawili na yale maturubai. Nisamehe.

Sasa tuangalie wanunuzi walifanya nini, maana hapo ndipo mdogo wangu anapokosea. Kwanza walikimbilia. Mwisho wa Januari ile, Elon Musk aliwaambia wawekezaji kwamba oda zinakuja karibu mara mbili ya uwezo wa viwanda. Huko China, ambako bei zilishuka wiki moja kabla, walionunua Desemba walijazana kwenye maduka ya kampuni kulalamika. Ukisikia wazo la "bei ikishuka nunua," hao wa kwanza ndio ushahidi wake.

Lakini bei ikashuka tena Machi. Ikashuka tena Aprili. Kumbuka magari haya hayana dalali wa kukuambia njoo kesho. Bei ni namba moja kwenye tovuti, ofisini wanaibadilisha usiku, na hapa Texas ndiyo kituko zaidi, kiwanda kipo Austin lakini sheria ya jimbo haiwaruhusu kukuuzia moja kwa moja, unaagiza mtandaoni kama unanunua viatu. Watu wakajifunza. Pale wodini manesi waliokuwa wanasema "nunua sasa kabla haijapanda" wakaanza kusema "subiri, itashuka tena."

Ni kama nyanya sokoni Mawenzi. Muuzaji akizoea kushusha bei jua likizama, nani atakwenda asubuhi? Mwaka 2024, pamoja na bei zote zile kushuka, Tesla waliuza magari machache kuliko 2023, na haikuwahi kuwatokea kabla. Zipo sababu nyingine, ushindani wa Wachina, riba kupanda, siasa za mwenye kampuni. Lakini mimi nilikuwa nasikiliza watu wakati wa chakula cha saa nane usiku, na neno lilikuwa moja: subiri.

Halafu kuna punguzo linalotokana na kupandisha. Watu wa Texas na pikapu ni kama sisi na pilau. Ford F-150 Lightning, pikapu ya umeme, ile ya bei ya chini ilitangazwa kwa dola 39,974. Ikapandishwa, ikapandishwa, hadi Machi 2023 ikafika dola 59,974. Julai mwaka ule ule wakaishusha hadi dola 49,995, na magazeti yakaandika Ford yapunguza karibu dola 10,000! Vigelegele! Jamani, hiyo ni dola 10,000 juu ya bei iliyotangazwa mwanzo. Mwisho wa 2025 Ford wenyewe wakatangaza wanaacha kuitengeneza ile ya umeme tupu.

Aliyefaidi kweli ni Mnaijeria mmoja tunayefanya naye kazi. Hertz, wale wakodishaji magari, walitangaza mwaka 2021 kwamba wananunua Tesla 100,000. Januari 2024 wakatangaza wanauza magari ya umeme kama 20,000, kwa hasara ya dola milioni 245 za kushuka thamani. Ona, hata tajiri mwenye wahasibu wa ghorofa nzima yalimkuta ya mwenzenu. Sasa huyu dada alikuwa amekaa kimya tangu 2022 na Camry yake chakavu. Mwaka 2024 akanunua Tesla iliyokuwa ya kukodisha kwa dola 21,500, na kwa kuwa ilikuwa chini ya dola 25,000 akapata punguzo la kodi la magari yaliyotumika, dola 4,000. Mimi hata ningetaka nisingelipata, kikomo cha mapato kwa asiye na mume wala mtoto kilikuwa dola 75,000, na ovataimu nilizokuwa nafanya kulipia gari ndizo zilizonivusha. (Kuhusu mume, msianze.)

La mwisho ni la mwaka jana. Sheria iliyosainiwa Julai 4, 2025 ilikata yale mapunguzo ya kodi kuanzia baada ya Septemba 30. Mngeona! Watu waliosema subiri kwa miaka miwili walikimbia kama duka linaungua. Kati ya Julai na Septemba yaliuzwa zaidi ya magari 430,000 ya umeme nchi nzima, rekodi. Oktoba maduka yakawa kimya kama zahanati siku ya Idi. Tarehe 7 Oktoba Tesla wakaleta Model Y ya "bei nafuu," dola 39,990, na nadhani ndiyo iliyozaa ile video yenu. Pigeni hesabu. Wiki moja kabla, Model Y iliyo bora zaidi ilikuwa dola 44,990, toa 7,500, unalipa 37,490. Kwa hiyo ile ya bei iliyoshuka, iliyopunguzwa vikorombwezo, mteja anailipia dola 2,500 zaidi. Na hapo bado kodi ya mauzo ya Texas asilimia 6.25, bima, na dola 200 kila mwaka ambazo jimbo linatoza magari ya umeme tangu Septemba 2023 kwa kuwa hatulipi kodi ya mafuta.

Msidhani nalichukia gari langu. Halina kelele, halina oili ya kubadilisha, nikitoka kazini saa moja asubuhi nimechoka linanibeba kama mtoto. Nalichaji nyumbani. Kuna kampuni za umeme huku zinauza mpango wa umeme wa bure usiku, majirani wanafaidi kweli, isipokuwa mimi, maana umeme ukiwa wa bure gari na mwenye gari wote tuko hospitali!

Basi, mdogo wangu, jibu langu kuhusu Mkuyuni ni hapana, na nakupa sababu kwa heshima kwa sababu wewe si mtoto tena. Magari ya huku usukani uko kushoto, na utayaendesha Morogoro kupita malori ya Dodoma na Iringa. Fundi wa betri hiyo yuko wapi, Msamvu? Lakini hata ukipata fundi, kitu kinachoshuka bei humo ndani ni betri yenyewe. Wastani wa bei duniani ulikuwa dola 151 kwa kila kilowati-saa mwaka 2022, na mwaka 2024 ukawa dola 115. Kwa mnunuzi wa kesho hiyo ni habari njema. Kwa mwenye gari la jana kila tangazo kama hilo linamla mfukoni. Wewe unataka kuuza ardhi, ambayo Morogoro sijawahi kusikia imeshuka, ununue kitu cha namna hiyo.

Kama unataka umeme kweli, angalia wanavyofanya vijana wa Kigali na pikipiki za Ampersand. Betri si mali ya dereva. Ikiisha anaingia kituoni, anabadilishiwa yenye chaji, analipia umeme alioutumia, anaondoka. Bei ya betri ikiporomoka kesho, hasara ni ya kampuni. Nionyeshe mpango wa namna hiyo Morogoro, wa pikipiki moja, bila kugusa shamba, na mimi nitachangia nusu. Nimesema mbele ya mashahidi.

Mjomba na shangazi, najua mtasema nimekaa Marekani nimekuwa mwoga. Labda. Rejesho langu la mwisho ni Novemba 2028, nipigieni mwezi huo tuongee vizuri.

Mvua imekatika, niende nikalichomeke gari, kesho jioni naingia kazini tena. Mama, picha ya lile bati la nyuma linalovuja nimeiona. Mwite fundi Jumamosi, sisi tunalipwa Ijumaa.