IPK: Chama kisichosajiliwa kilichoitikisa Pwani

Uchaguzi wa 2027 unakaribia na maneno ya kwamba Wapwani tuwe na chama chetu yamerudi barazani. Kabla hatujachanga pesa za ofisi na bendera, naomba tuitazame tena safari ya Islamic Party of Kenya, IPK, kwa sababu mengi tunayoyapanga leo yalikwisha jaribiwa.

IPK ilizaliwa Mombasa mapema 1992, muda mfupi baada ya kifungu cha 2A kufutwa Desemba 1991 na vyama vingi kurudi. Nje ya Pwani ilionekana kama chama cha watu wa dini wanaotaka sheria za dini. Ni kweli kilikuwa chama cha kihafidhina: lugha yake ilikuwa ya msikitini na mikutano yake ilifunguliwa kwa dua. Lakini kilichowavuta vijana kilikuwa kitambulisho, pasi, ardhi na kazi. Mtu aliyezaliwa Mji wa Kale, na baba yake kazaliwa hapo hapo, alienda kuomba pasi akaulizwa vyeti vya babu. Hasira ile ilitafuta mlango, na IPK ikaufungua.

Serikali ya Moi ilikataa kukisajili, kwa hoja kwamba chama hakiwezi kujengwa juu ya dini. Kwa maoni yangu, kukataliwa huko ndiko kulikokikuza. Sheikh Khalid Balala, mhubiri wa Mwembe Tayari, alipata hoja ambayo hakuna angeweza kumpa: tazameni, hata jina letu halitakiwi. Mei 1992, wahubiri walipokamatwa, Mombasa iliwaka ghasia.

Uchaguzi wa Desemba ulipofika, IPK haikuwa na tikiti. Ikawaunga mkono wagombea wa FORD-Kenya, na chama hicho kikatwaa viti 2 kati ya 4 vya Mombasa: Kisauni kwa Rashid Mzee na Likoni kwa Khalif Mwavumo. Mvita ilibaki kwa Shariff Nassir wa KANU. Chama ambacho hakikuwa kwenye karatasi ya kura kilikuwa kimewaangusha wagombea wa chama tawala.

Pigo kubwa halikutoka kwa Msajili. Mwaka 1993 lilizuka kundi la United Muslims of Africa, UMA, likiongozwa na Omar Masumbuko na kuungwa mkono na watu wa KANU. Ujumbe wake ulikuwa mwepesi na wenye sumu: IPK ni ya Waarabu, nyinyi Waislamu weusi mnatumiwa. Vijana waliokuwa wakisali safu moja wakarushiana mawe. Balala naye aliponyimwa pasi mpya akiwa Ujerumani, harakati ilibaki bila sauti, kwa sababu ilikuwa imetegemea sauti moja mno. Aliporudi 1997 moto ulikuwa umepoa.

Sasa tuje kwa leo. Ibara ya 91 ya Katiba ya 2010 inakataza chama kujengwa juu ya dini, lugha, rangi, kabila, jinsia au eneo. Sheria ya vyama inadai wapiga kura 1,000 waliojiandikisha kuwa wanachama katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti zote 47, yaani 24. Pwani tuna 6. Chama chetu kitahitaji wanachama katika kaunti 18 za bara, na mtu wa bara atauliza anapata nini.

Wako wanaosema kukopa tikiti ni kujidhalilisha, na kwamba mwenye tikiti hutusahau akishashinda. Nawaelewa. Lakini FORD-Kenya ilikopesha tikiti, na yenyewe ikabaki upinzani. Hapo ndipo penye funzo.

Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kule Wajir kuondoa uchujaji wa ziada wa vitambulisho. Malalamiko hayo sisi tuliyapigia kelele tangu 1992. Ningependa tuanze kwa kuandika madai yetu, Mswahili, Mmijikenda, Mbajuni na Mtaita pamoja, kisha kila anayekuja kuomba kura aweke sahihi mbele yetu. Tukishindwa kukaa chumba kimoja kuyaandika, chama hakitatufaa: atakuja mwingine na UMA yake, na tutagawanyika tena.