Ugumu wa Jembe Upimwe Mazimbu

Mkulima wa milima ya Uluguru anunuapo jembe mjini Morogoro, hulitazama, huligonga akasikiliza mlio wake, kisha hutoa fedha. Chuma kikiwa laini mno, jembe litapinda. Kikiwa kigumu kupita kiasi, litavunjika kama kigae likikutana na jiwe. Hasara ni yake peke yake, kwani hana njia ya kujua mapema.

Njia hiyo ipo, tena ni ya zamani. Mwaka 1900 mhandisi wa Sweden, Johan August Brinell, alionyesha mjini Paris jinsi ya kupima ugumu wa chuma kwa kukandamiza juu yake gololi. Katika kipimo chake kinachojulikana sana, gololi ya milimita 10 hukandamizwa kwa uzito wa kilo 3,000, kisha hupimwa upana wa kishimo kinachobaki. Kishimo kikiwa kidogo, chuma ni kigumu. Kikiwa kipana, ni laini. Baadaye ilibuniwa ncha ya almasi, na leo ziko mashine zipimazo vishimo visivyoonekana kwa macho.

Wananchi watauliza: jambo hili latuhusu nini? Latuhusu sana, maana kipimo hiki si cha chuma tu. Mtaalamu wa misitu hukandamiza gololi katika ubao wa mninga ajue kama wafaa kwa sakafu. Mtaalamu wa udongo hushindilia ardhini ncha yenye umbo la pia ajue kama mizizi itapenya. Mtaalamu wa meno hupima vivyo hivyo ugumu wa jino na wa kitu cha kulizibia. Kanuni ni moja, lakini kila mmoja hufanya kazi chumbani mwake na kwa lugha yake. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa hiyo twatoa shauri: wataalamu hao waitwe katika semina moja, nayo ifanyike Mazimbu. Hapo ndipo ndugu zetu wa ANC ya Afrika Kusini walipojenga Chuo cha Solomon Mahlangu kuanzia mwaka 1978, juu ya shamba la zamani la mkonge walilopewa na Tanzania. Mwaka 1992 walikikabidhi kwa Serikali yetu, na sasa ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine ambako sayansi hufundishwa. Wataalamu wa misitu na wa udongo wa chuo hicho hicho wako katika kampasi kuu, mjini humo humo Morogoro. Kuwakutanisha hakuhitaji safari ya ng'ambo.

Lakini semina ya wasomi peke yao haitoshi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko. Shabaha ilionekana njema katika karatasi. Milimani, kazi ilikuwa nzito, na matuta yalileta juu udongo usio na rutuba. Wenye mashamba hawakusikilizwa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, na mpango ukaachwa. Utaalamu usiomsikiliza mkulima humrudia mwenyewe.

Basi wahunzi, maseremala na wakulima wakae mbele, nao walete majembe yaliyopinda na yaliyovunjika, yapimwe machoni pao. Shirika la Viwango Tanzania lialikwe. Kila maabara ipewe kipande cha chuma kilichokatwa katika pao moja, ikipime kwa mashine yake, na majibu yalinganishwe hadharani. Mashine isiyosahihishwa hudanganya kwa tarakimu nzuri, na ni heri kulijua hilo katika semina kuliko shambani. Matokeo yaandikwe kwa Kiswahili chepesi na kupelekwa katika maonyesho ya Nane Nane ya Morogoro, wakulima wayaone.

Mkulima hulipa bei kamili ya jembe. Ana haki ya kupata jembe kamili. Wenye elimu ya kumsaidia wako chini ya mlima ule ule anaoulima. Twatumaini wahusika hawatalipa kisogo shauri hili.