Trekta Likichemsha, Usikimbilie Kutoa Thamostati

Leo tuweke mbegu na mbolea pembeni kidogo, tuongelee trekta. Najua wengi wenu mmenunua matrekta ya zamani, hasa Massey Ferguson 135, 240 na 290, kwa sababu bei zake zinafikika na mafundi wanayajua. Sina ubaya nayo hata kidogo. Ninachopinga ni tabia moja: trekta likichemsha mara moja tu, fundi anafungua, anatoa thamostati, anaitupa na kusema, "Sasa litatembea, bosi." Mimi nasema hayo si matengenezo. Ni kuuhamisha ugonjwa kutoka unapouona kwenda usipouona.

Na sisemi kama mtu msafi. Stashahada yangu ni ya kilimo, si ya ufundi wa magari. Miaka michache iliyopita kikundi cha vijana kwenye kata ninayoihudumia kilikopa kikanunua trekta la mtumba. Msimu wa kwanza tu likachemsha katikati ya shamba la mteja. Fundi akatoa thamostati. Nilikuwepo, na ni mimi niliyesema, "Sawa, tumalize kulima, mvua isitupite." Kweli, geji ikashuka, maana kazi iliyokuwa imebaki ilikuwa ya haro na kuvuta tela. Wote tukafurahi.

Msimu wa tatu trekta likawa gumu kuwaka asubuhi. Moshi mwingi, oili inapungua, nguvu hakuna. Siku waliyopata kazi ya ekari 40, likashindwa hata kuvuta plau mlimani. Injini ikafunguliwa: ringi zimekwisha, silinda zimelika, oili imekuwa nyepesi na inanuka dizeli. Rejeta nayo ilipotolewa, tukakuta imejaa pumba na mbegu za majani zilizoshonana kwenye matundu. Kumbe ndiyo iliyokuwa inachemsha tangu mwanzo! Kazi ya ekari 40 ikaenda kwa mtu mwingine, na marejesho ya mkopo yakabaki palepale. Neno langu lile la "sawa" nalikumbuka mpaka leo.

Sasa tuelewane kazi ya hiki kidude. Ndani ya thamostati kuna nta. Injini ikiwa ya baridi, thamostati imefunga, na maji yanazunguka ndani ya injini tu ili ipate joto haraka. Maji yakifika kwenye joto lililogongwa juu yake, mara nyingi nyuzi 82 za sentigredi, nta inayeyuka, inatanuka na kusukuma mlango. Maji ya moto yanakwenda kwenye rejeta. Yakipoa, mlango unarudi. Injini ya dizeli hufanya kazi vizuri maji yakiwa kati ya nyuzi 80 na 95 hivi. Yaani chini ya hapo napo kuna hasara, siyo juu peke yake.

Hasara gani? Injini ikiwa baridi muda wote, dizeli haiungui yote. Ile isiyoungua inaosha oili kwenye kuta za silinda na kuteremkia kwenye oili ya chini. Mvuke unaotokana na kuungua kwa mafuta nao unageuka maji ndani ya injini, unachanganyika na salfa ya dizeli na kuwa asidi inayokula chuma. Trekta linakula mafuta zaidi, linakosa nguvu, linazeeka kabla ya umri. Haya hayatokei kwa siku moja, ndiyo maana tunadanganyika kuwa limepona.

Tena kuna injini ambazo ukitoa thamostati zinachemsha zaidi. Thamostati zake zikifunguka, huziba ile njia ndogo ya maji kurudi moja kwa moja kwenye pampu. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita kwenye rejeta.

Kwa hiyo trekta likichemsha, fuata mpangilio huu:

1. Zima, subiri lipoe. Usifungue kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, maji yatakurukia usoni. Na usimwage maji baridi kwenye injini ya moto, utapasua silinda hedi.

2. Angalia rejeta kwa nje. Puliza upepo au maji ya presha ndogo kutokea upande wa feni kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Wakati wa kulima na kuvuna, kazi hii ni ya kila siku jioni.

3. Kagua mkanda wa feni. Ukilegea unateleza, na feni na pampu ya maji vinazunguka pole. Angalia pia kama kava linalozunguka feni lipo. Wengi wamelitoa, na bila hilo feni inavuta upepo wa pembeni badala ya kuuvuta kupitia rejeta.

4. Kagua mipira ya maji, hasa wa chini. Mpira uliochoka unanywea injini ikizunguka kwa kasi na kuziba njia.

5. Badilisha kifuniko cha rejeta kama raba yake imekufa. Hapa sisi wa nyanda za juu tusikilize vizuri. Mbeya, kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji ya wazi yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Kifuniko kizima cha presha ya paundi 7 kinapandisha kiwango hicho hadi zaidi ya 105. Ukifunga rejeta kwa gunzi la mhindi au nailoni, maji yatachemka wakati injini ingali kwenye joto lake la kawaida, kisha utasema thamostati mbovu.

6. Angalia maji yenyewe. Maji ya kisima yenye chumvi yanaacha magamba ndani ya injini na rejeta, kama yale ya kwenye birika, na magamba yanazuia joto kutoka. Tumia maji ya mvua yaliyochujwa pamoja na dawa ya rejeta, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.

7. Sasa ndiyo uijaribu thamostati. Ining'inize kwa uzi kwenye sufuria ya maji jikoni, isiguse chini, na uweke kipimajoto. Ikianza kufunguka karibu na namba iliyogongwa, ni nzima. Ikigoma mpaka maji yanachemka, nunua nyingine yenye namba ileile.

Yote yakiwa sawa na bado linachemsha, muone fundi akague pampu, gasketi ya hedi na nozeli. Jiulize pia: plau uliyofunga ni saizi ya trekta lako?

Najua nitajibiwa kwamba nchi yetu ni ya joto. Ndugu zangu, hata mchana wa Kilosa, nyuzi 35, bado ni mbali sana na 82. Na injini ikipata joto thamostati inafunguka yenyewe, haisubiri ruhusa. Halafu nendeni Njombe mwezi wa saba alfajiri, mniambie kama injini haihitaji kupashwa.

Wengine watasema mzee fulani ametembeza bila thamostati miaka kumi. Inawezekana. Lakini muulizeni ameifungua injini mara ngapi, na lita ngapi za dizeli anatumia kwa ekari. Wewe unalima kibiashara, hesabu hizo ndizo faida yako. Kama spea haipo dukani leo na mteja anasubiri, sitakutukana ukimaliza siku bila thamostati, ilimradi injini yako si ya aina ile yenye njia ya kurudishia maji. Ila iagize kesho yake, usingoje msimu uishe.

Lawama si za mafundi peke yao. Sisi ndio tunaowasukuma, "fanya lolote liwake." Ni sawa na kuona mahindi ya njano ukamwaga urea kabla ya kuangalia kama shamba limetuama maji. Dalili imekuonyesha mlango, wewe unaubomoa.

Kabla mvua hazijaanza, tenga nusu siku. Safisha rejeta, kaza mkanda, chemsha thamostati kwenye sufuria. Na kama yako ilishatolewa zamani, irudishe, ila safisha rejeta kwanza.

Tukutane shambani.