Udhu Hatukufundishwa Ubaoni





 Mwaka huu tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda wengine wakashangaa kuliona limeandikwa na walimu wa madrasa, nalo ni namna watoto wetu wa hapa Mpanda wanavyofundishwa sayansi.

Jioni moja kijana wetu wa sekondari alikuja na daftari lake la kemia, limeandikwa vizuri kwa wino wa rangi mbili. Tukamwuliza Hg ni nini. Akatutajia jina lake la Kiingereza, na kwamba ni metali iliyo kimiminika. Tukamwuliza, je, umewahi kuiona? Akasema hajawahi, shuleni kwao haipo. Baba yake ni mchimbaji mdogo wa dhahabu, na zebaki imo nyumbani kwao ndani ya chupa. Mtoto amekua akiiona, wala hakujua kuwa ndiyo ile Hg ya daftarini.

Tujiulize, elimu hiyo imemfaa nini? Mji wetu uliletewa reli kutoka Kaliua kwa ajili ya madini ya risasi, na leo vijana wengi wa Katavi riziki yao iko kwenye dhahabu. Mchimbaji huikamata dhahabu kwa zebaki, kisha huliunguza lile donge ili zebaki itoke na dhahabu ibaki. Zebaki ile haipotei. Inageuka mvuke, na anayeivuta inamdhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mama mjamzito akiivuta, humfikia hata mtoto aliye tumboni. Basi kemia kwa watoto wetu si suala la mtihani peke yake, ni suala la uhai.

Sasa tutazame namna tunavyofundisha udhu. Je, yupo mwalimu aliyemfundisha mtoto kutawadha kwa kumwandikia ubaoni na kumwambia anakili? La hasha! Tunachukua birika, tunamwonyesha, naye anafanya, akikosea anarudia. Hifdhi ina mahali pake na hatuidharau, kwani ndiyo kazi yetu ya kila siku. Lakini mtoto aliyehifadhi nguzo za udhu bila kugusa maji bado hajajua kutawadha. Hivyo hivyo, aliyehifadhi sura nzima ya kitabu cha fizikia bila kushika kitu bado hajajua fizikia.

Wala kuuliza si utovu wa adabu. Nabii Ibrahim (A.S.) alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyofufua wafu, si kwa shaka bali ili moyo wake utulie. Hakukemewa. Aliamrishwa achukue ndege wanne, afanye kwa mikono yake na aone.

Hapa kwetu Tanzania tunao mfano wa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, aliweka maziwa ya moto kwenye jokofu ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuwa yamechemshwa. Alipouliza sababu aliambiwa amechanganyikiwa. Alipofika Mkwawa, Iringa, mwalimu alimkejeli kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba. Siku moja Dokta Denis Osborne kutoka chuo kikuu Dar es Salaam alitembelea shule, kijana akauliza tena, wenzake wakacheka. Osborne hakucheka. Aliagiza jaribio lifanywe, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika pamoja katika jarida la Physics Education. Hadi leo wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo, na linaitwa kwa jina la Mpemba. Ni akina Mpemba wangapi tumewanyamazisha, nasi walimu wa madrasa tukiwamo?

Wapo watakaosema hatuna maabara. Wazazi wengi mnakumbuka michango ya mwaka 2014, kila shule ya kata ilipotakiwa kuwa na vyumba vya fizikia, kemia na baiolojia. Chumba ni neema, lakini chumba kilichofungwa kufuli hakifundishi. Tena yapo mengi yasiyohitaji chumba. Chemsha maji kwenye sufuria yenye mfuniko. Kabla ya kufunua, waambie wanafunzi wawili wawili wajadiliane kwa dakika 2 na kila mmoja aandike: chini ya mfuniko tutakuta nini, na kimetoka wapi? Kisha funua, wayaone matone. Hata darasa lililojaa linaweza kufanya hivyo. Aliyekisia vibaya ndiye atakayekumbuka zaidi.

Yule kijana tulimfanyia jaribio hilo hilo la maji. Zebaki yenyewe haichezewi, na asijaribu mtoto yeyote! Alipoona matone alitulia kidogo, kisha akasema: "Ustadhi, kumbe na zebaki ya baba inapanda hivi hivi." Akaelewa pia kwa nini wachimbaji wanashauriwa kuunguzia ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kuupoza mvuke, ili zebaki irudi kuwa maji maji badala ya kuingia vifuani.

Hivyo basi, tunaomba mambo matatu. Kwanza, mzazi usimwulize mwanao alama tu, mwulize leo umeona nini na umeuliza nini. Pili, sisi walimu, wa madrasa na wa shule, tusione haya kusema hatujui, tutafute pamoja. Tatu, tuwapeleke vijana wakaone kazi za mikono. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili watu wazima wajifunze kwa kutenda, na hapa mkoani tunacho cha Msaginya. Kamati yetu ya wazazi iombe ziara, nasi tuko tayari kufuatana nao.

Na wenye zebaki majumbani, tafadhalini itoeni vyumba vya kulala, na msiunguzie jikoni wala karibu na watoto.

Wiki iliyofuata kijana alirudi na swali: mvuke ukitua juu ya bati, mvua ikinyesha zebaki inakwenda wapi? Tulikaa tukalitafuta jibu pamoja. Inakwenda kwenye maji, na kutoka majini inaingia kwenye samaki tunaowala. Swali lile halikuwamo daftarini mwake.