Leza ya Geneva na mgonjwa wa Lushoto

Dawa ya mionzi ya kupimia saratani ikichanganyika na atomu zisizotakiwa, mgonjwa anapata mionzi isiyomsaidia. Mashine hutenga atomu kwa uzito, ila zenye uzito unaolingana hupita pamoja. Leza inapunguza tatizo: kila elementi ina rangi zake za mwanga, hivyo huchajiwa ile inayotakiwa tu. Kituo cha MEDICIS cha CERN, Geneva, kilifunga leza hiyo 2019 kwa ajili ya utafiti.

Mfano ni tebiamu-155, ambayo hupungua nusu kila siku 5 hivi. Mgonjwa wa Lushoto ana zaidi ya kilomita 300 mpaka Ocean Road, Dar. Dawa kama hizi zikija, usafi pekee hautoshi: mzigo ukichelewa au mgonjwa akikwama nauli, nguvu imeshapotea. Usafiri upangwe mapema.