Mwenye mkoba mmoja naye ana kwao

Mwaka 2020, maji ya Ziwa Victoria yalipopanda kupita kiasi na kuvamia fuo zetu, nilikuwa miongoni mwa waliolazimika kuhama. Nyumba yangu iko bondeni kidogo, si mbali na ufuo wa Dunga hapa Kisumu. Ilinichukua siku nne kuhamisha vitu vyangu. Nilikodi mkokoteni, nikakodi gari, nikaomba msaada wa vijana wa jirani, na hata hivyo makabati mawili, magodoro na sanduku zima la vitabu vikaharibiwa na maji.

Siku ya tatu, nikiwa nimesimama ndani ya maji yaliyonifika magotini huku nimekumbatia redio ambayo hata haikuwa ikifanya kazi, kaka yangu mkubwa alifika. Yeye ni mvuvi wa omena tangu ujanani. Kibanda alichokuwa akilala kilikuwa kimezama usiku wa kuamkia siku hiyo. Nilimwuliza ameokoa nini. Akanionyesha mkoba mmoja begani. "Vyote," akasema. Kisha akanitazama na redio yangu, akauliza: "Mwalimu, vitu hivi ni mali yako, au wewe ndiwe mali yao?"

Ndani ya mkoba ule mlikuwa na blanketi, sufuria ndogo, kikombe cha bati, koti la mvua, simu, na kitambulisho kilichofungwa vizuri ndani ya karatasi ya nailoni. Msomaji mpendwa, mtu huyu alikuwa ameishi hivyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Nataka leo nimzungumzie yeye na maelfu ya wenzake, kwa sababu naona tunawakosea kwa namna mbili: wapo wanaowadharau, na wapo wanaowasifu bila kuwajua.

Kwanza, ifahamike kwamba mvuvi wa omena hahamihami kwa sababu ya utundu wa miguu. Kazi yenyewe ndiyo inayomhamisha. Omena huvuliwa usiku wa giza. Wavuvi huelekeza taa majini. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na siku hizi nyingi ni taa za betri na za nguvu za jua. Samaki huvutwa na mwangaza, nao wavu ukawazunguka. Mwezi unapokuwa mpevu, taa hazifui dafu mbele ya mbalamwezi, na mashua hulala ufuoni siku kadhaa. Omena nao hawana makao. Leo wako Ghuba ya Winam, kesho wamesogea Rusinga na Mfangano, keshokutwa habari zinafika kwamba wameonekana kwa wingi Remba au upande wa Usenge. Mwenye kungojea samaki warudi mlangoni pake atalala njaa.

Tena ziwa letu hapa ni dogo kuliko wengi wanavyodhani. Kenya inamiliki takriban asilimia 6 tu ya Ziwa Victoria. Sehemu kubwa iliyosalia ni ya Tanzania na Uganda. Mvuvi wetu akisogea kidogo magharibi, amevuka mpaka asiouona kwa macho. Kisiwa cha Migingo, mwamba mdogo uliosongamana vibanda vya mabati, kilitufundisha hayo wakati mzozo baina ya Kenya na Uganda ulipopamba moto mwaka 2009. Watu walioishi pale walikuwa wamefuata mbuta tu, wakajikuta wamekuwa suala la mataifa mawili. Na kwa miaka mingi sheria ya Kenya imekuwa ikifunga uvuvi wa omena kuanzia Aprili hadi Julai ili samaki wazaane. Katika miezi hiyo mvuvi hufunga mkoba wake tena, akaenda kutafuta kibarua cha shamba au cha ujenzi.

Maisha ya namna hii hayana nafasi ya kabati. Kila kitu unachomiliki utakibeba, na kila utakachobeba kitachukua nafasi ya samaki ndani ya mashua. Kwa hiyo wavuvi hawa wamejifunza kupima haja kwa namna ambayo sisi wa mjini tumeisahau. Sufuria hupikia watu wanne. Wembe ni wa kampi nzima. Mgeni akifika ufuo mpya haulizwi ametoka wapi wala baba yake ni nani. Huulizwa kama anaweza kuvuta wavu. Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule kasia hutolewa jioni ile ile.

Sasa nije kwa wanaosifu bila kujua. Katika miji ya Ulaya na Marekani, na hata Nairobi, yamezuka mafundisho ya kupunguza vitu: watu hulipa fedha wafundishwe kutupa nguo za ziada, wakae katika vyumba vitupu, wasafiri na mfuko mmoja. Sina ugomvi nao. Mimi mwenyewe, tangu gharika ile, sijanunua kabati jingine. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya mtu aliyechagua mfuko mmoja, huku akiba yake ikiwa benki na bima ya matibabu ikiwa mfukoni, na mtu ambaye mkoba wake mmoja ndio benki, ndio bima, ndio dari. Wa kwanza akichoka hurudi dukani. Wa pili akiugua hana pa kurudi karibu.

Na hapo ndipo kaka yangu alipokaribia kutuaga. Miaka michache kabla ya gharika alianza kukohoa, akapimwa, akaambiwa ni kifua kikuu. Alianzishiwa dawa katika zahanati moja ya kusini mwa ziwa. Matibabu ya kawaida ya ugonjwa huo ni ya miezi sita bila kukatiza, na kwa bahati nzuri dawa zake hutolewa bila malipo. Mwezi wa pili omena wakahama, na mashua aliyokuwa akiifanyia kazi ikahama nao. Alipofika ufuo mpya, dawa zikiwa zimemwishia, alikwenda kwenye kituo kilichokuwa karibu. Akaambiwa arudi alikoanzia, kwa kuwa faili yake ilikuwa kule. Kurudi kulihitaji nauli ya siku mbili na kupoteza nafasi yake mashuani. Akaamua kungoja. Alingoja wiki tano. Tulipompata alikuwa amebaki mifupa, na ilibidi matibabu yaanze upya tangu mwanzo.

Hakuna aliyemdhulumu kwa chuki. Muuguzi yule alifuata utaratibu. Ila utaratibu wenyewe ulitungwa kwa ajili ya mtu anayeamka kila siku mahali alipolala jana. Dawa zipo, watumishi wapo, fedha zimetengwa. Kinachokosekana ni mtu wa kukumbuka kwamba mgonjwa ana miguu. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya Ukimwi, ugonjwa uliozikumba jamii za wavuvi kuliko wengi. Hali ni hiyo hiyo kwa mtoto ambaye mama yake huanika omena, anayebadilisha shule kila mama anapobadilisha ufuo. Na wanawake hao ndio wenye mzigo mzito zaidi. Mfanyabiashara wa samaki aliye mgeni ufuoni, asiye na jamaa wala mtaji, ndiye anayelazimishwa kwa urahisi kuingia katika ule mtindo wa jaboya, ambapo samaki huuzwa kwa fedha na kwa mwili pia. Tunapousifu umaskini wa vitu, tukumbuke kwamba wengine unawatoza gharama ambazo hazionekani kwenye mizani.

Wanaowadharau nao wana maneno yao. Husema watu wa kampi ni wahuni wasio na kwao, hawajengi, hawaweki akiba, huleta magonjwa. Dawa yao ni moja: watulizwe mahali pamoja. Hoja hii si ngeni. Serikali ya kikoloni, iliyofikisha reli Kisumu mnamo Desemba 1901, ilileta pia kodi ya nyumba, ikahesabu watu kwa mapaa yao. Tangu siku hizo asiye na paa la kudumu huonekana kama mtu anayekwepa kitu. Tumeurithi mtazamo huo bila kuuchunguza.

Lakini sisi watu wa ziwa tunapaswa kuwa wa mwisho kuwacheka wahamaji. Mababu wa Waluo walitoka pande za Bahr el Ghazal, huko ambako leo ni Sudan Kusini, wakafuata Mto Nile kizazi baada ya kizazi hadi wakafika Got Ramogi, kule Yimbo. Hawakufika na makabati. Na mila ya kuanzisha boma jipya ingali inatukumbusha safari hiyo. Mtu anayehamia boma lake huandamana na mkewe na mwanawe wa kwanza, wakiwa na jogoo, shoka na moto. Shoka la kujengea, moto wa kupikia, jogoo wa kutangaza kwamba pamekucha na hapa pana watu. Wazee hawakuona haja ya kuongeza la nne.

Ni kweli pia kwamba mila hiyo hiyo hutofautisha nyumba na nyumbani. Taifa zima lilijifunza tofauti hiyo mwaka 1987, wakati mwili wa wakili S.M. Otieno ulipogombaniwa mahakamani kwa miezi mitano, mjane wake akitaka azikwe karibu na Nairobi, nao ukoo wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Ukoo ulishinda. Sitaki kufufua ubishi ule, kwani wengi tunaona mjane naye alikuwa na haki yake. Ninalotaka kusema ni kwamba kaka yangu, ambaye hajawahi kumiliki kitanda, anajua barabara pa kwao ni wapi. Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mwenye mkoba mmoja si mtu asiye na kwao. Kwao hakubebeki, ndiyo maana hakuonekani mkobani.

Kuhusu akiba, hapo nakubali walikuwa na udhaifu. Zamani fedha za ziwa ziliishia ziwani. Mtu angepata mapato mema ya juma moja, na kwa kuwa hakuwa na mahali salama pa kuziweka, akazinywa kabla hazijaibwa. Lakini tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, nimeona mabadiliko makubwa. Mvuvi anashuka mashuani alfajiri, na kabla jua halijachomoza karo ya mtoto imefika. Inaonyesha kwamba tatizo halikuwa tabia ya watu hawa. Huduma ilipokubali kutembea nao, waliitumia ipasavyo.

Na hilo ndilo ombi langu kwa kaunti zetu tano zinazopakana na ziwa, yaani Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori na Busia. Zikubaliane kwamba mgonjwa wa ufuo mmoja ni mgonjwa wa fuo zote, na kwamba hakuna kituo kitakachomrudisha mtu kwa sababu ya faili. Kliniki za fuoni ziende kwa kalenda ya mwezi: siku za mbalamwezi, wavuvi wakiwa wamepumzika nchi kavu, ndizo siku za kuwapima na kuwapa dawa, badala ya kuwaita asubuhi ya Jumanne wakati wamelala kwa uchovu wa usiku kucha. Kamati za usimamizi wa fuo, zinazotambuliwa kisheria, tayari zina madaftari ya wavuvi. Madaftari hayo yatumike kuwafuatilia wagonjwa na watoto wa shule, si kutoza ada tu. Na pajengwe vyoo. Katiba ya mwaka 2010 inampa kila Mkenya uhuru wa kwenda na kuishi popote nchini, na inampa haki ya afya, maji safi na elimu. Sijaona kifungu kinachosema achague moja kati ya hayo.

Wapo watakaosema kwamba ziwa limechoka, kwamba wavuvi ni wengi mno, na kwamba vizimba vya kufugia samaki vinavyozidi kuenea majini ndiyo njia ya mbele. Huenda ikawa hivyo. Kizimba hakihami, na mwenye kizimba hulala kwake. Ila kizimba kinahitaji mtaji, na anayevua kwa kasia la mwenzake hana mtaji huo. Ikiwa siku moja uhamaji utakwisha, na uishe kwa sababu watu wamepata lililo bora, usiishe kwa sababu tumewaacha wafe mmoja mmoja njiani.

Kaka yangu sasa havui tena usiku. Mapafu yake hayastahimili baridi ya ziwa. Anaishi nami, katika chumba kilichokuwa na vitabu vyangu. Nimemwekea kitanda na rafu ya kuwekea vitu. Kitanda anakitumia. Rafu imekaa tupu mwaka wa tatu sasa, na mkoba wake ungali umetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango, blanketi na sufuria zikiwa ndani. Nilimwuliza kwa nini asivitoe. Akasema maji yaliyokuja mara moja yanaijua njia.